Nairobi hadi New York: Mbona kwenda ni masaa mengi kuliko kurudi?

Tiketi inasema ndege inaondoka Nairobi saa 23:25 na kutua New York saa 06:25. Ukihesabu haraka haraka unapata masaa saba. Kumbe abiria atakaa kwenye kiti masaa 15.

Akirudi kwa ndege ya aina ileile, kati ya viwanja vilevile, atatumia masaa 14 au 14 na nusu hivi. Umbali haujapungua hata hatua moja.

Tofauti hiyo inawachanganya wengi, na kuchanganyikiwa kwenyewe kuna gharama. Kuna anayenunua tiketi ya kuunganisha ndege akaachwa kwa sababu alihesabu vibaya, na kuna anayefika uwanjani siku moja baada ya ndege kuondoka.

Safari ya moja kwa moja kati ya Jomo Kenyatta (JKIA) na John F. Kennedy (JFK) ilianza Oktoba 28, 2018, ikifanywa na Kenya Airways. Kabla ya hapo, msafiri wa Afrika Mashariki alilazimika kubadilisha ndege Ulaya, Ghuba au Addis Ababa. Kenya ilipata daraja la usalama wa anga linalotakiwa na Marekani Februari 2017, ndipo mlango ukafunguka.

Umbali wenyewe ni upi?

Kutoka JKIA hadi JFK ni takriban kilomita 11,800. Mzunguko wa dunia kwenye ikweta ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo abiria wa safari hii anakata zaidi ya robo ya dunia bila kukanyaga chini.

Namba hiyo inaonekana mtandaoni kwa sura tatu, na hapo wengine hudhani mmoja kati ya waandishi amekosea. Kwa kilomita ni 11,800. Kwa maili za kawaida, zile za barabarani Marekani, ni kama 7,350. Kwa maili za baharini, ambazo ndizo marubani hutumia, ni kama 6,400. Umbali ni uleule, kipimo ndicho tofauti.

Sasa chukua ramani ya ukutani, weka rula kati ya Nairobi na New York. Mstari utakatiza Afrika Magharibi na kutokea baharini upande wa Mauritania. Ndege haiendi hivyo. Dunia ni mviringo, na njia fupi kwenye mviringo ikichorwa kwenye karatasi bapa huonekana imepinda. Anayetaka kuamini achukue uzi na tufe la dunia, auvute uzi kati ya miji hiyo miwili, aone unapolala.

Uzi huo utapita juu ya Uganda, Sudan Kusini, Chad, ukingo wa Niger, kisha jangwa la kusini mwa Algeria, hadi Morocco. Nusu kamili ya safari inaangukia jirani na Marrakech. Yaani Mkenya anayeelekea Marekani anamaliza nusu ya safari yake akiwa bado juu ya Afrika. Bara hili ni kubwa kuliko ramani nyingi zinavyolionyesha.

Hiyo ni njia ya kwenye hesabu. Njia halisi hubadilika kila siku kulingana na upepo, na wakati mwingine kulingana na siasa za ardhini. Agosti 2023, baada ya mapinduzi, Niger ilifunga anga yake kwa karibu mwezi mzima. Sudan nayo ilifunga anga vita vilipozuka Aprili mwaka huohuo, na ndege nyingi kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kuzunguka. Kila kuzunguka ni mafuta na dakika za ziada.

Masaa mawili yanapotelea wapi?

Ndege inayotumika, Boeing 787 Dreamliner, ikishatulia angani hukimbia takriban kilomita 900 kwa saa. Gawanya 11,800 kwa 900, unapata masaa 13 na dakika chache. Mbona basi ratiba inasema 15?

Sehemu ndogo ya jibu iko ardhini. Mashirika ya ndege hayahesabu muda tangu magurudumu yanapoinuka. Yanahesabu tangu ndege inapoondolewa kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena. Humo mna kusukumwa nyuma, kujiburuza hadi njia ya kurukia, kupanga foleni, kupanda taratibu, kushuka taratibu, na pale JFK pengine kuzunguka kidogo angani kusubiri zamu. Mashirika pia huongeza dakika za akiba ili ndege ikichelewa kidogo ionekane imefika kwa wakati. Ndiyo maana rubani huweza kutangaza kwa furaha kwamba wametua dakika 20 kabla ya muda, ilhali ndege iliondoka ikiwa imechelewa.

Sehemu kubwa ya jibu ni upepo.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Kwa karne nyingi majahazi yalitoka Oman na Ghuba kuja Zanzibar, Lamu na Mombasa kwa kaskazi, yakasubiri miezi kadhaa, yakarudi kwa kusi. Nahodha aliyejaribu kwenda kinyume cha msimu alijua atakachokutana nacho.

Juu angani, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 hivi, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Tofauti yake na kaskazi na kusi ni kwamba haigeuki. Mwaka mzima inavuma upande uleule, ila wakati wa baridi kule kaskazini huwa na nguvu zaidi. Kasi yake mara nyingi hupita kilomita 160 kwa saa, na kuna siku hupita 300.

Ndege inayotoka Nairobi haikutani nayo tangu mwanzo. Karibu na ikweta mambo huwa shwari kiasi. Kibarua kinaanza ikishapita Sahara na kuingia Atlantiki, ambako inasukumana na upepo wa usoni hadi Marekani. Ikirudi, upepo uleule unakuwa mgongoni.

Hesabu rahisi inaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Tuseme kwa wastani wa safari nzima upepo ni kilomita 60 kwa saa. Kwenda, kasi juu ya ardhi inashuka hadi 840, na kilomita 11,800 zinachukua masaa 14. Kurudi, kasi inapanda hadi 960, na umbali huohuo unaisha kwa masaa 12 na robo hivi. Ongeza muda wa ardhini pande zote mbili, na kwenda bado kunabaki kurefu kuliko kurudi.

Mfano uliovuma duniani ulitokea Februari 2020. Ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikatua London baada ya masaa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya masaa sita. Ilikuwa imebebwa na upepo wa dhoruba iliyoitwa Ciara, na kasi yake juu ya ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa. Ndege haikuwa na injini mpya.

Kuna maelezo mengine yanayosambaa sana, kwamba kurudi ni haraka au polepole kwa sababu dunia inazunguka chini ya ndege. Si kweli. Hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Ingekuwa hivyo, mtu akiruka juu pale Nairobi, ambako ardhi inazunguka kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, angeangukia mbali na aliposimama.

Mji wa juu, hewa nyepesi

Jambo moja ambalo abiria halioni ni kimo cha Nairobi. JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. JFK iko karibu usawa wa bahari kabisa, kando ya maji.

Hewa ya juu ni nyepesi. Mabawa yanapata cha kushikilia kidogo, na injini zinameza hewa isiyo nzito. Matokeo yake ndege inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka, au ipunguze uzito. Joto linaongeza tatizo, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Kuondoka usiku, Nairobi ikiwa imepoa, kunasaidia.

Na uzito ndio kila kitu. Kenya Airways ilipotangaza safari hiyo ilisema inahitaji tani 85 za mafuta kwa upande mmoja, marubani 4 wanaopokezana na wahudumu 12. Dreamliner ya aina hiyo inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito usiozidi tani 227 hivi. Kwa hiyo zaidi ya theluthi ya uzito wote ni mafuta, na sehemu ya mafuta hayo inachomwa ili kubeba mafuta mengine.

Addis Ababa, iliyo juu zaidi kwa kimo cha mita 2,300 na ushee, inaonyesha tatizo hili waziwazi. Kwa miaka mingi ndege za Ethiopian Airlines kwenda Marekani zimekuwa zikisimama njiani kuongeza mafuta, kwa mfano Dublin au Lomé. Zikirudi kutoka Washington, zinaruka moja kwa moja hadi Addis. Zinaondoka chini kwenye hewa nzito, na upepo uko mgongoni.

Saa za tiketi na saa za Kiswahili

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, na upepo hauhusiki.

Kila muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa mahali husika. Muda wa kuondoka ni wa mji wa kuondokea, muda wa kufika ni wa mji wa kufikia. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zinatumia saa moja. New York iko nyuma yake kwa masaa 8 kuanzia Novemba hadi Machi, na masaa 7 kuanzia Machi hadi Novemba, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Sisi hatusogezi. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko saa moja nyuma ya Nairobi, kwa hiyo anayeunganisha kutoka huko ana hesabu ya ziada.

Njia salama ni kuleta saa zote mbili kwenye mji mmoja kabla ya kutoa. Kufika New York saa 06:25 wakati wa baridi ni sawa na saa 14:25 Nairobi. Kutoka 23:25 hadi 14:25 ya siku inayofuata ni masaa 15. Kurudi, kuondoka New York saa 12:25 ni saa 20:25 Nairobi, na kufika 10:55 kesho yake ni masaa 14 na nusu. Alama ya +1 pembeni ya muda ina maana tarehe imebadilika.

Msemaji wa Kiswahili ana hatua moja zaidi. 23:25 ni saa tano na dakika 25 usiku. 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Mtu akimpigia ndugu yake simu na kumwambia "nafika saa sita na dakika 25", mwingine atakwenda mchana. Ukiwaza kwa Kiswahili na tiketi imeandikwa kizungu, bora kuutuma muda kama ulivyo kwenye karatasi, kwa tarakimu nne, pamoja na tarehe.

Mtego mbaya kuliko yote ni usiku wa manane. Ndege iliyoandikwa Jumanne saa 00:30 inaondoka nusu saa tu baada ya Jumatatu kuisha. Abiria anatakiwa awe uwanjani Jumatatu usiku. Kiswahili kina maneno kamili ya jambo hili, usiku wa kuamkia Jumanne, ila tiketi haiyatumii. Anayesoma "Jumanne" akapanga kwenda Jumanne jioni atakuta ndege yake iliondoka jana yake usiku, na tiketi ya bei nafuu mara nyingi hairudishiwi pesa.

Moja kwa moja au kupitia kwingine?

Kupitia Ulaya hakuongezi umbali sana. Nairobi hadi Amsterdam halafu New York ni kama kilomita 12,500, yaani 700 tu zaidi ya njia ya moja kwa moja, kwa sababu Ulaya haiko mbali na ule mstari uliopinda. Kupitia Dubai ni zaidi ya kilomita 14,500. Abiria anapelekwa kwanza kaskazini mashariki, kisha anageuzwa magharibi. Tiketi inaweza kuwa nafuu, lakini ni masaa 19 hivi ya kuwa hewani, bado kusubiri.

Wanaoendelea mbele ya New York, tuseme Minneapolis au Dallas, wana jambo jingine. Marekani humtaka kila abiria apite uhamiaji kwenye uwanja wa kwanza anaotua. Atachukua mizigo yake, apite forodha, aikabidhi tena. Hata anayepita tu kwenda nchi ya tatu hukaguliwa hivyohivyo, na kwa raia wa Afrika Mashariki hiyo ina maana ya kuhitaji viza. Saa moja na nusu kati ya ndege mbili pale JFK ni kamari.

Kamari inakuwa mbaya zaidi tiketi zikiwa mbili tofauti. Zikiwa tiketi moja, shirika ndilo linalomtafutia abiria ndege nyingine akichelewa. Zikiwa mbili, shirika la pili linamwona kama mtu ambaye hakutokea. Dola chache zilizookolewa wakati wa kununua huisha hapo hapo kwenye kaunta.

Usiku wa karibu masaa 21

Anayeondoka Nairobi usiku mwezi Januari anaruka akilifuata giza. Jua limezama Nairobi saa kumi na mbili na nusu jioni na ushee, na New York halichomozi hadi baada ya saa moja asubuhi ya huko. Kwa abiria huyo usiku mmoja unakuwa wa karibu masaa 21. Akirudi mambo yanageuka. Anaondoka mchana, jua linazama mapema mbele yake juu ya Atlantiki, na kunakucha akiwa juu ya Afrika kabla mwili haujaridhika na usingizi. Wengi husema kurudi mashariki ndiko kunakochosha zaidi, ingawa masaa ni machache.

Mwili nao una hesabu yake. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka takriban mara mbili baada ya safari ya kukaa masaa manne au zaidi, japo kwa mtu mmoja mmoja bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Masaa 15 ni karibu mara nne ya hayo. Kusimama, kutembea kwenye njia ya katikati na kunyoosha vifundo vya miguu kunasaidia. Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni na aliyewahi kuganda damu wamuone daktari kabla ya kukata tiketi.

Kwa anayetumia dawa kwa saa maalumu, kama insulini au ARV, swali la kumuuliza daktari ni moja: nifuate saa ya nyumbani au ya ninakokwenda, na nibadilishe lini? Dawa zenyewe ziwe kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Na simu isiachwe iamue yenyewe, kwa sababu ikishika mtandao wa New York itarudisha saa nyuma masaa nane, na kengele ya dawa iliyowekwa saa mbili usiku wa Nairobi italia saa mbili usiku wa New York, ambayo kwa mwili ni saa kumi alfajiri.